Bima ya Pikapu Isiyokwenda Popote

Kwa karibu mwaka mzima niliamini, kwa moyo mweupe na bila kulazimishwa na mtu, kwamba jiji la Johannesburg lina kindege kisicho na rubani kinachopita juu ya nyua za watu kikihesabu matairi. Kikiona gari lenye matairi manne yaliyogusa ardhi, kinashuka polepole, kinachungulia kioo cha mbele, na kama kile kikaratasi cha bima kimepitwa na tarehe, kesho yake asubuhi linakuja lori la kuvuta. Lori halijali kama gari liko barabarani au ndani ya ua wako, chini ya kamba ya kuanikia nguo. Gari ni gari. Ila likiwa na matairi matatu linahesabiwa kuwa fanicha.

Hiyo habari ya fanicha ndiyo iliyonimaliza. Uongo wa kawaida hauna vipengele. Mimi ni mtu niliyesoma: nimehitimu shule ya jioni hapa hapa mjini nikiwa na mvi za kutosha kujaza mto wa kulalia, na katika somo la biashara nilipata alama ambazo mwalimu alizisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa sauti na mara ya pili kwa mashaka. Tulifundishwa kwamba kila sheria ina vighairi vyake. Basi niliposikia kighairi nikajua hii ni sheria.

Aliyeniambia alikuwa fundi wangu wa giaboksi, Mkongo wa Lubumbashi anayefanyia kazi uchochoroni nyuma ya jengo la ghorofa kule Berea, ambako yeye na turubai lake ni gereji kamili. Nilikwenda kumuuliza giaboksi yangu imefikia wapi. Akafuta mikono kwa gazeti, akatazama kushoto na kulia kama mtu anayeuza siri za jeshi.

"Yaya," akaniambia, maana kwao kaka mkubwa huitwa hivyo, "ile motokari yako iko na asiransi?"

"Bima? Ya nini? Haitembei."

"Haitembei, lakini iko na pine ine pa chini. Batakuya kuibeba. Kastoma wangu moja, baliibeba yake mu parsele, ndani ya ua kabisa, mbwa inaangalia."

"Na mbwa hakubweka?"

"Angebweka namna gani? Ile kitu inatoka juu!"

Siwezi kueleza vizuri jinsi habari ya yule mbwa ilivyonigusa. Nilitoka pale nikitembea huku nimeinua uso mbinguni, nikavuka robot, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, ikiwa nyekundu, nikatukanwa kwa lugha nne na nusu.

Msomaji wa hapa, aliyezaliwa hapa, atanicheka. Lakini sisi tuliotoka huko juu, Watanzania, Wakenya, Warundi, Wakongo, kila mmoja alikuja na sheria za kwao kwenye begi, na mpakani hakuna aliyetukagua sheria. Kwetu gari lisilo na bima ni dhambi. Trafiki akikusimamisha hakuulizi hali, anatazama kioo cha mbele kutafuta stika. Stika ya bima ipo, unapita. Haipo, mnaanza mazungumzo. Kwa hiyo nilipofika hapa na kukuta magari yote yamebandika kiduara cha karatasi kwenye kona ya kioo, chenye tarehe ya kuisha, sikuhitaji mkalimani. Nilijua nimekutana na bima iliyobadilisha umbo baada ya kuhama nchi, kama sisi wengine.

Na kazi yangu ilinithibitishia. Mimi ni mlinzi wa maegesho ya magari katika jengo moja la ofisi kule Marshalltown. Tangu nianze nimewalinda mabosi na vipande vyao vya vyuma, na kwa wema wangu nilikuwa nawaonya: "Sir, kiduara chako kinaisha mwezi huu." Wanatazama, wanasema eish, asante, na wiki ijayo kiduara ni kipya. Nani kati yenu angeshuku chochote? Nilikuwa nimewaokoa watu wengi kuliko kikosi cha zimamoto.

Sasa niseme kuhusu gari lenyewe. Ilikuwa pikapu nyeupe, au iliyokuwa nyeupe enzi za mwenye gari wa kwanza, ambaye nadhani alishiriki vita fulani nayo. Niliinunua wiki ile niliyopata cheti. Mpango wangu niliuandika kwa mwandiko mzuri kwenye daftari la somo la biashara: kuhamisha watu. Pale Berea, mwisho wa mwezi, nusu ya watu wanahama kutoka chumba kimoja kwenda kingine, na godoro haliendi lenyewe. Ningefanya kazi Jumamosi na Jumapili, kisha ningeacha ulinzi. Nimesimama miaka mingi nikilinda magari ya wengine kwenye jua, nikifungua geti, nikifunga geti. Nilitaka siku moja nipite kwenye geti nikiwa ndani ya gari, mtu mwingine afungue, nimpungie mkono. Ndiyo ilikuwa tamaa yangu yote. Mtu anaweza kuona ni ndogo, lakini ilikuwa yangu na ilikuwa na namba za usajili.

Pikapu ilinibeba majuma matatu kwa heshima. La nne giaboksi ikakata roho kwenye mteremko wa kuingia Troyeville. Vijana wa spaza, kile kiduka cha mtaani, wakanisaidia kuisukuma hadi uani kwa mama mwenye nyumba wetu, na huko ikakaa kusubiri fundi apate giaboksi nyingine iliyotoka kwenye gari la aina ile ile. "Wiki mbili, yaya," alisema. Fundi huyu ana wiki zake. Mbili zake zinaweza kuzaa wajukuu.

Kwa hiyo unaona hali yangu. Nilikuwa na gari lisilotembea, katika ua wenye ukuta mrefu kunizidi na geti la chuma, na bado dola ilinitaka nilikatie bima. Nilikasirika kweli kweli. Bima ni ya ajali. Pikapu yangu ingemgonga nani? Kamba ya nguo? Ingegongwa na nani, mwezi? Nilitoa hotuba hii kwa yeyote aliyenipa nafasi: kanisani baada ya ibada, kwa muuza nyanya, kwa kinyozi huku kichwa kikiwa nusu. Na kila niliyemhutubia nilimweleza habari yote ya kindege, pamoja na mbwa, pamoja na matairi matatu, ili ajue ukubwa wa uonevu. Watu walitikisa vichwa. Wengine walikwenda nyumbani kutazama magari yao.

Lakini mimi ni raia mwema, au tuseme mgeni mwema, ambayo ni kazi ngumu zaidi. Nikapiga simu kampuni ya bima. Akapokea dada mmoja mwenye sauti laini kama mafuta ya nazi, akaanza kuniuliza maswali kwa Kiingereza.

"Gari linalala wapi usiku?"

"Hapo hapo linaposhinda mchana."

"Unaendesha kilomita ngapi kwa mwezi?"

"Sifuri."

"Sir, mfumo haukubali sifuri."

"Andika moja."

"Lakini umesema halina giaboksi. Hiyo moja utaiendeshaje?"

"Nitaisukuma, dada. Usiwe na wasiwasi, nina marafiki."

Nilisikia anabonyeza bonyeza vidude. "Je, limefungwa kifaa cha kulifuatilia likiibwa?"

"Dada yangu, mwizi akifaulu kuliondoa hilo gari, mwambie anipigie simu. Nataka kujua ametumia njia gani."

Hakucheka, au alicheka akiwa amefunika simu. Mwisho akaniambia kwamba kabla ya kunipa bima lazima gari likaguliwe, na ili likaguliwe lazima niliendeshe hadi kwenye kituo cha ukaguzi. Nikamuuliza kama mkaguzi anaweza kuja kwangu. Akasema gari lisilotembea hawalikatii bima. Nikamuuliza, kwa upole wa mtu anayeona mwanga, kama anaweza kunipa barua inayosema hivyo, niibandike juu ya paa ili kindege kiisome. Simu ikakatika. Mtandao wa hapa ni mbaya sana.

Hapo nikaelewa kwamba bima sitapata, na bila bima pikapu itabebwa. Kilichobaki kilikuwa kuifanya isiwe gari. Nikainua upande mmoja kwa jeki, nikang'oa tairi moja, nikaweka matofali, nikaliingiza tairi chumbani na kulifanya meza ya chai. Matatu! Nilikula chakula cha mchana kwa amani. Katikati ya ugali nikasimama wima. Kindege kinatazama kutoka juu. Kutoka juu matairi yote yamefichwa na mabawa ya gari. Kitajuaje kama liko moja pungufu?

Nikaenda kwa mama mwenye nyumba. Huyu ni mama wa Kirundi, mshonaji, aliyekodi nyumba nzima akatupangisha sisi chumba kimoja kimoja, na cherehani yake iko sebuleni ikitazama mlango kama mlinzi mwenzangu. Nikamweleza tatizo kitaalamu.

"Shikamoo mama. Unaweza kunishonea nguo ya gari?"

"Marahaba. Nguo ya nini?"

"Ya gari. Lisionekane kutoka angani."

Akanitazama juu ya miwani. "Wewe Mtanzania, huko shuleni walikufundisha nini hasa?"

Lakini mbwa wa kastoma alimgusa na yeye. Alishona siku mbili, kwa vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye magauni ya harusi, na aliposhusha kazi yake juu ya kichwa cha pikapu hata mimi niliyejua kilichomo ndani nilitaka kuisalimia. Ilionekana kama shangazi mnene anayesubiri kupelekwa ukweni. Malipo aliyotaka ni udongo tu: nyuma, kwenye sehemu ya mizigo, akajaza udongo na kupanda lengalenga, mboga ambayo Warundi na Wakongo wakiikosa wanaona wamehama dunia. Baada ya mwezi lengalenga ilistawi kuliko chochote nilichowahi kumiliki. Kutoka angani kulikuwa na kitenge na bustani. Nilithubutu kulala tena fofofo.

Kisha ikaja bahasha.

Ilikuwa ya dirisha, na kwenye dirisha jina langu na anwani ya nyumba. Mama mwenye nyumba ndiye aliyeiokota getini, na nilipotoka kazini nilimkuta amekaa kwenye kiti cha cherehani bila kushona, bahasha mapajani, mikono miwili juu yake kama inaweza kuruka.

"Imeandikwa nini?"

Nikaisoma. Ilisema namba za gari langu, ilisema leseni ya gari imekwisha muda, ilisema kuna adhabu inayoongezeka. Niliisoma mara tatu. Barua nzima haikutaja bima hata mara moja, na mimi kwa usomi wangu nikaichukulia hiyo kuwa dalili mbaya. Watu wanaokuja kubeba kitu hawakuambii wanakuja kubeba nini.

"Ni wao," nikasema.

Natamani ningekuwa nimenyamaza. Mama alivua miwani. Huyu ni mwanamke ambaye nimemwona akimfukuza mwizi wa nyaya kwa pasi ya makaa, na sasa aliinuka akafunga komeo la mlango.

"Wanajua nyumba," akasema. "Wameandika nyumba. Mwezi ujao nakwenda kuongeza muda wa karatasi zangu za ukimbizi. Wakifungua kompyuta wataona nini? Wataona huyu mama anaficha magari."

"Mama, karatasi zako na gari langu ni ofisi mbili tofauti."

"Wewe utajuaje? Wewe umesoma jioni. Hizi karatasi zinaandikwa mchana."

"Mwanangu," akasema, sasa kwa sauti ya chini, "nimefukuzwa mara mbili katika maisha yangu, na mara zote mbili kulikuwa na bunduki. Siwezi kufukuzwa mara ya tatu kwa sababu ya gari. Jumamosi liwe limeondoka."

Ilikuwa Jumatatu. Nilimpigia fundi, giaboksi, alisema, iko njiani kabisa, wiki mbili. Nikaanza kutafuta ua mwingine wa kuihifadhi kwa hizo wiki mbili za kifundi. Nilikwenda kwa muumini mwenzangu mwenye ua mkubwa. Akaniuliza kama ina bima. Nilikwenda kwa muuza nyanya. Akainua macho kutazama mawingu. Kinyozi aliniambia, kwa huruma ya kweli, "Kaka, si wewe uliyetuonya?" Ndiyo, ni mimi. Nilikuwa nimewaonya kwa ufasaha kiasi kwamba kuanzia Troyeville hadi Berea hapakuwa na Mswahili hata mmoja ambaye angekubali kugusa pikapu yangu kwa fimbo.

Alhamisi nikampata mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuja, akainua pindo la kitenge, akachungulia kama daktari, akasema ataichukua Jumamosi asubuhi, aikatekate. Alitaka kitu kimoja tu: niende ofisi ya leseni za magari mjini, nijaze fomu ya kulifuta gari kwenye daftari la serikali kwamba linavunjwa, nimletee nakala yenye mhuri. Mama alianza kuhamisha lengalenga yake kwenye ndoo. Hakuimba akifanya hivyo, na yeye huimba hata akikuna kichwa.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini nikajiunga na foleni. Foleni za hapa zina maisha yake. Mbele yangu walikuwepo watu ambao nadhani walizaliwa humo. Fomu nilikuwa nimeshaijaza nyumbani, kwa mwandiko ule ule wa daftari la biashara. Kwenye nafasi ya sababu ya kulifuta gari niliandika kwa herufi kubwa: KUSHINDWA KULIKATIA BIMA. Nikiwa nimesimama pale niliisoma tena na tena, na kila nikiisoma ile pikapu ilizidi kupendeza. Nilikumbuka hata mlio wake wa kukohoa asubuhi. Nilikuwa na kalamu mfukoni. Sahihi peke yake ndiyo ilikuwa haijawekwa, kwa kuwa ilitakiwa niiweke mbele ya ofisa.

Kwenye dirisha alikaa mama mmoja wa makamo, mwenyeji, na kikombe cha chai ya rooibos kilichopoa pembeni. Nikampa fomu na ile barua. Akasoma, akasimama kwenye ile sababu, akarudi juu, akaanza tena.

"Bhuti," akasema, yaani kaka, "gari limeungua?"

"Hapana, sisi," nikasema, maana dada hapa huitwa hivyo.

"Limepinduka? Limeoza?"

"Giaboksi tu. Inakuja. Wiki mbili."

"Sasa unataka livunjwe kwa nini?"

Nikamweleza. Nilimpa yote: kindege, kioo, lori, fanicha, dada wa simu, kitenge, mama mwenye nyumba na karatasi zake. Nyuma yangu foleni ilinyamaza ili isikie vizuri. Mtu mmoja alisema haibo kwa mshangao, na mwingine akamwambia nyamaza, bado anaeleza. Yule ofisa hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akaichukua fomu yangu yenye mwandiko mzuri, akaigeuza, akaisukuma chini ya kioo ikarudi kwangu bila mhuri. Kisha akagonga ile barua kwa kidole.

"Hakuna kindege," akasema. "Na nchi hii haimlazimishi mtu yeyote kulikatia gari lake bima, litembee au lisitembee. Anayetaka anakata, asiyetaka anaacha. Kile kiduara kwenye kioo ni leseni ya gari, si bima. Leseni ndiyo unalipa kila mwaka, hata kama gari limekaa tu uani. Barua hii ni ya leseni, na ni yako wewe. Huyo mama wa nyumba haimhusu, na hakuna anayekuja kwake. Unalipia dirisha namba nne."